Kwa nini adui hakungoja tu maji yaishe? Jibu kuhusu ngome za Oman

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia baada ya kurudi Oman, alikokwenda kumwona dada yake aliyeolewa huko. Alipelekwa Nizwa na Bahla, akapanda ngazi zote, na akarudi na swali ambalo nalileta kama lilivyo: "Mwongozaji alituonyesha mashimo juu ya milango, akasema wenyeji walikuwa wakiwamwagia maadui asali ya tende inayochemka. Mimi nikajiuliza, katika nchi kavu vile, adui ana haja gani ya kuvunja mlango? Si akae tu nje na ngamia wake mpaka walio ndani waishiwe maji? Na mbona ngome zile hazifanani na Fort Jesus, ilhali waliozijenga ndio hao hao walioiteka Mombasa?"

Ndugu yangu, umegusa penyewe. Wengi wetu tukiitazama ngome macho hukimbilia kuta na mizinga. Wewe umeuliza habari za maji, na fundi aliyejenga Nizwa angekuelewa upesi, maana hata yeye alianzia hapo.

Kwanza tuiweke sawa picha yenyewe. Mtu akisikia "ngome ya jangwani" huona jengo pweke katikati ya mchanga. Ngome kubwa za Oman ya bara haziko hivyo. Nizwa, Bahla, Jabrin, Rustaq na al-Hazm ziko chini ya milima ya Hajar au karibu nayo, kandokando ya mabonde ya mito mikavu, palipojaa mitende. Watu wapo pale kwa sababu maji yapo, na ngome ipo kwa sababu watu na maji yao wapo. Anayeishika ngome anashika kisima, soko, msikiti na mgao wa maji ya mji mzima.

Maji yenyewe huja kwa falaji. Chini ya mlima huchimbwa kisima mama mpaka maji yapatikane. Kutoka hapo hupasuliwa njia chini ya ardhi yenye mteremko mdogo mno, mdogo kuliko mteremko wa ardhi iliyo juu yake, hata mbele huko maji yakatokeza yenyewe bila kuvutwa na mnyama wala mashine. Pale yanapotokeza mara ya kwanza ndipo watu wanapoteka ya kunywa. Kuogea, kufulia na kumwagilia mashamba hufuata huko chini, kila mwenye haki na zamu yake. Oman ina takriban falaji 3,000 zinazotumika hadi leo, na 5 kati yake, ikiwemo Falaj Daris ya Nizwa, ziliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2006.

Sasa mweke adui wako katika picha hiyo. Anakuja na watu mia kadhaa, farasi na ngamia. Nao wanakunywa. Akipiga kambi chini ya mji, anakunywa maji yaliyokwisha kupita kwa wenzake. Akipanda juu kuukata mfereji, hilo ni tishio la kweli, na katika vita vya Waomani wao kwa wao falaji zilikatwa na kufukiwa. Lakini amewakata pia wakulima wa bonde zima, na anataka kulitawala bonde hilo kesho. Mitende iliyokauka haitoi kodi wala haimpi askari chakula. Kwa hiyo silaha uliyoitaja ipo, ila inamkata pia mwenye kuishika.

Wajenzi hawakuachia usalama wao huruma ya adui, hata hivyo. Ndani ya ngome ya Nizwa kuna visima. Al-Hazm imejengwa juu ya falaji, maji yanapita ndani ya ngome yenyewe. Jabrin nayo ina mfereji unaopita ndani ya jengo. Na juu ya vilima vinavyotazama njia za maji na mabonde utaona minara midogo ya walinzi, mingine mlango wake uko juu kiasi kwamba mtu hupanda kwa kamba kisha anaivuta kamba. Minara hiyo ndiyo macho ya ngome. Vumbi la msafara linaonekana mbali sana kwenye nchi tambarare, na habari ikifika mapema watu wana muda wa kuingiza mifugo, kujaza mabirika na kufunga milango.

Baada ya maji huja chakula, na hapa Waomani walikuwa na bahati ambayo wengine hawakuwa nayo: tende. Tende iliyokauka vizuri haiharibiki upesi, haihitaji kupikwa, na kilo moja inamtosha mtu kwa siku ya kazi ngumu. Nenda tena Nizwa au Jabrin, uulize chumba cha tende. Utaona sakafu yenye vifereji vyembamba vilivyolala sambamba. Makanda ya tende yalipangwa juu yake, moja juu ya jingine mpaka karibu na dari, na uzito wenyewe pamoja na joto ukakamua asali, ikatiririka kwenye vifereji hadi kwenye mtungi uliozikwa pembeni. Ghala moja linatoa chakula cha aina mbili bila moto wala kazi. Mimi napenda chumba hicho kuliko mizinga yote ya juu, kwa sababu ndicho kinachokuambia walitarajia kufungiwa kwa miezi, wala si kwa siku mbili tatu.

Nije kwenye asali inayochemka. Mashimo juu ya milango ni ya kweli na kazi yake haina ubishi: aliye chini hana pa kujificha, aliye juu haonekani. Kilichomwagwa kilikuwa kile kilichopo, na masimulizi ya wenyeji yanataja maji ya moto, mafuta na asali ya tende. Asali ina ubaya wake wa pekee, kwamba inang'ang'ania ngozini. Lakini usisahau kazi ya pili ya mashimo hayo, ambayo waongozaji huipita kwa sababu haisisimui. Mlango ni wa mbao. Adui mwenye akili hahangaiki kuupiga kwa gogo. Anarundika kuni na makuti chini yake anawasha moto. Shimo lile linakuwezesha kuuzima kwa ndoo ya maji bila kufungua. Unaona tena, maji.

Twende kwenye mnara wa Nizwa, kwa kuwa ngazi zake umezipanda. Aliyeujenga ni Imamu (yaani mtawala wa nchi aliye pia kiongozi wa dini) Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaaruba, aliyetawala tangu 1649, na inasimuliwa kwamba kazi ilichukua miaka 12. Ni duara kubwa lenye kipenyo cha zaidi ya mita 30, na sehemu yake ya chini imejazwa mawe na udongo. Yaani ule unaouona kwa nje kuwa ni jengo refu, kwa chini ni kilima kilichotengenezwa na watu na kuvikwa ukuta. Uwanja wa mizinga uko juu ya kujaza huko. Mzinga ukipigwa hutikisa, na juu ya dari ya boriti mtikiso huo ungeibomoa ngome kwa mikono ya wenyewe. Hapa unapokelewa na ardhi. Risasi ya mzinga ya adui nayo ikipiga chini haikuti chumba cha kubomoa, inazama kwenye udongo.

Kutoka chini kwenda juu kuna njia moja tu, ngazi nyembamba inayopinda na kupinda tena. Kila kona ina mlango mzito, juu ya mlango kuna shimo, na mbele yake palikuwa na mbao zinazoweza kuondolewa ili aingiaye kwa pupa atumbukie. Upana wa ngazi ni wa mtu mmoja au wawili. Jeshi la watu elfu likiingia humo linakuwa jeshi la watu wawili, na wengine 998 wanasukumana nyuma yao gizani. Hesabu yote ya mnara iko hapo.

Mnara huo ulijaribiwa hata na silaha ambazo Sultan bin Saif asingeweza kuziota. Julai 1957, katika vita kati ya Imamu Ghalib bin Ali na Sultani wa Muscat aliyesaidiwa na Uingereza, ndege za Uingereza ziliipiga Nizwa kwa roketi. Kijiji cha Tanuf kilicho karibu kilibomolewa na magofu yake yapo mpaka leo. Mnara ulibaki umesimama, ingawa mji ulichukuliwa, kwa kuwa ngome yoyote haina nguvu kuliko watu walio tayari kufia ndani yake.

Kuhusu Fort Jesus. Hiyo ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewatumikia Wareno, ikajengwa kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mdomo wa bandari. Yeye alikuwa anafikiria adui mwenye mizinga mikubwa, hasa ya melini. Ndiyo maana kuta zake si ndefu sana ila ni nene, na buruji za pembeni, yaani ngome ndogo zilizotokeza nje ya ukuta, zina kona kali. Kona zile zina hesabu: kila uso wa ukuta unapigwa risasi kutoka kwenye buruji nyingine, pasibaki mahali ambapo mtu anaweza kubana ukutani akasalimika. Mnara wa duara una udhaifu huo. Chini yake kabisa pana kipande ambacho bunduki za pembeni hazikifikii, na hicho ndicho mashimo ya juu yanakifidia.

Basi je, Sultan bin Saif hakuijua elimu ya Cairati? Alikuwa nayo mkononi. Aliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650 na kuzichukua ngome zao mbili za mlangoni mwa bandari, al-Jalali na al-Mirani. Naamini alichagua duara kwa kujua. Mzinga wa kubomolea kuta ni mzigo wa tani, na kutoka pwani hadi Nizwa unapita kwenye pengo la milima la Sumail, juu ya mawe ya mto mkavu. Adui aliyemhofia kule bara alikuja na bunduki za fatila (za kuwashwa kwa utambi), ngazi na kuni. Dhidi ya huyo, urefu unashinda kona. Na mnara mrefu unaonekana na kila kabila la bonde, jambo lenye uzito wake kwa mtawala aliyetaka makabila yakumbuke yuko wapi.

Kilele cha mlima au kilima kina habari yake. Nakhal ni mfano mzuri. Ngome imekaa juu ya jabali na kulifuata lilivyo, hata haina umbo la kueleza. Mahali pengine mwamba umeingia ndani ya vyumba nao ukaachwa kuwa ukuta. Hakuna wa kuchimba handaki chini ya ngome ya namna hiyo, na hakuna wa kuisogezea ngazi kwa urahisi. Lakini kadiri unavyopanda ndivyo unavyoyaacha maji, na mwenye ngome ya kilimani huishi kwa birika. Birika likipasuka au likichafuliwa, mwamba wote ule haumsaidii kitu.

Masimulizi ya Oman juu ya kuanguka kwa Muscat yanalieleza hilo vizuri kuliko mimi. Wareno walikuwa wamejibanza kwenye majabali yao mawili, na kuwafikia kulikuwa kugumu. Inasimuliwa kwamba mfanyabiashara wa Kihindi aitwaye Narutem, aliyekuwa akiwauzia vyakula, alichukizwa na kamanda wao aliyemtaka binti yake kwa nguvu. Akamshauri kamanda kwamba maji ya mabirika yamekaa mno, ngano imeoza na baruti imepoa, kwa hiyo vyote vitolewe vibadilishwe. Vilipokwisha kutolewa, akampelekea Imamu habari. Iwe kila kipande cha kisa hicho kilitokea au la, waliokisimulia vizazi kwa vizazi walijua ngome inakufia wapi: majini, ghalani na kwenye baruti, kwa mkono wa mtu aliyeruhusiwa kuingia.

Jabrin nayo ilifia ndani. Bil'arab bin Sultan, mtoto wa mjenzi wa Nizwa, aliijenga mnamo 1670 iwe nyumba yake na mahali pa wanazuoni. Dari zake za mbao zimechorwa maua na maandishi, kazi ya kuutuliza moyo. Papo hapo ina minara miwili ya mizinga, milango ya kuinama na vyumba vya siri vya askari. Ndugu yake Saif alipogombea uimamu aliizingira, na Bil'arab akafa humo humo mwaka 1692. Kaburi lake liko chini ya jengo.

Saif bin Sultan huyo ndiye aliyewatuma watu Mombasa. Mzingiro wa Fort Jesus ulianza Machi 1696 ukaisha Desemba 1698, miezi 33. Hapo ndugu msomaji, swali lako linajibiwa na historia ya kwetu wenyewe, maana Waomani walifanya hasa ulichosema: walikaa nje wakangoja. Ngome ilikuwa na birika la mvua na kisima cha maji ya chumvichumvi, na mara kwa mara meli zilileta watu na vyakula. Kiu haikuimaliza. Walioimaliza ni maradhi. Mwaka 1697 Wareno wa ndani walikuwa wamekwisha kufa karibu wote, na ulinzi ukawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza pamoja na watu wa pwani waliokuwa upande wao. Jina lake linastahili kutajwa na kila anayewatembeza wageni pale, kwani kwa wiki kadhaa ngome ya Wareno ililindwa na Waswahili. Waomani walipoingia hatimaye, waliosalia ndani walikuwa wachache mno. Kona za Cairati hazikuvunjwa. Watu walikwisha nyuma yake.

Bahla uliyoiona ni jambo jingine, na nitalipitia kwa ufupi ingawa linaniuma. Ile ni ngome ya matofali ya udongo mbichi juu ya msingi wa mawe, kazi iliyoanzishwa enzi za Nabahina, waliotawala huko kati ya karne ya 12 na ya 15. Ukuta wa mji uliizunguka oasisi kwa karibu kilomita 12. Udongo ni mzuri dhidi ya risasi, kwa kuwa unameza pigo pale ambapo jiwe hupasuka. Mvua ndiyo adui yake. Kuta za namna hiyo hutaka kupakwa lipu upya kila baada ya muda, na watu wakihama au wakiacha, kila msimu wa mvua unachukua kipande. UNESCO iliiandika Bahla mwaka 1987 na mwaka uliofuata ikaiingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini, ikaitoa 2004 baada ya ukarabati mkubwa uliogharamiwa na serikali ya Oman. Fundi anayetia saruji ya kisasa juu ya udongo wa zamani anauua ukuta, kwa sababu unyevu unanaswa ndani na hauna pa kutokea. Udongo urudishiwe udongo. Penye maji itumike sarooj, udongo unaochomwa kwa magogo ya mitende, ukasagwa na kukandwa. Hiyo inashika hata majini, na ndiyo iliyopaka falaji na mabirika miaka yote hiyo. Al-Hazm, ngome ya mwanzoni mwa karne ya 18, ilikwenda mbali zaidi: dari zake zinabebwa na nguzo na matao badala ya boriti, hivyo hakuna cha kushika moto.

Limebaki neno moja katika swali lako, kwamba hazifanani na za kwetu. Na Fort Jesus, kweli. Lakini iangalie Gereza, ile ngome ya Kilwa Kisiwani, ambayo Waomani waliijenga kama ilivyo sasa mnamo 1800. Ina minara miwili tu, nayo iko kwenye kona zinazokabiliana kimshazari. Jabrin na al-Hazm zimepangwa vivyo hivyo. Fundi alikuwa anabana gharama kwa akili: mnara mmoja wa kona unaona kuta mbili, kwa hiyo minara miwili iliyowekwa mshazari inaona kuta zote nne, na nusu ya mawe, walinzi na mizinga imeokolewa. Kutoka Tanga, Kilwa ni karibu kuliko Nizwa. Ukifika usimame nje, kwenye kona isiyo na mnara, uangalie kulia na kushoto. Utaona kwamba minara yote miwili inakutazama.